Siku ya Sita: Watu wa Mbeya Tunapojiandaa Kupanda Kilimanjaro

Tangu mwezi Januari, mimi na wenzangu wanne hapa Mbeya tumekuwa tukichanga fedha kila mwisho wa mwezi ili mwezi Septemba tupande Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na katika vikao vyetu vyote jambo lililotugawa ni moja tu: tuchukue safari ya siku tano au ya siku sita? Mweka hazina wetu, ambaye namheshimu kama kaka, alitetea siku tano kwa hoja mbili. Ya kwanza ni gharama, kwa kuwa kila siku inayoongezeka huongeza ada za hifadhi, chakula, na malipo ya mwongozaji na wapagazi. Hiyo ni hoja ya haki. Ya pili ndiyo iliyonisukuma kuandika: alisema kwamba sisi ni watu wa nyanda za juu, baridi tumezaliwa nayo, na kwamba siku ya kuzoea mlima inawafaa watu wa Dar es Salaam.

Nimeisikia kauli hiyo kwa watu wengi, nami naiona ni ya hatari, kwa sababu inachanganya baridi na mwinuko. Jiji letu lipo kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maana yake ni kwamba tunapolala kila siku hapajafikia hata lango la Marangu, lililo juu kidogo ya mita 1,800. Mlima Rungwe, ambao tunajivunia, una mita 2,960 hivi, ilhali kituo cha Mandara, anapolala mpandaji usiku wa kwanza kabisa, kipo mita 2,720. Kilele chetu kimekizidi kituo cha kwanza cha Kilimanjaro kwa mita 240 tu. Baada ya hapo kuna Horombo kwenye mita 3,720, Kibo kwenye mita 4,700 hivi, na Uhuru kwenye mita 5,895, ambako mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni karibu nusu ya ile iliyozoeleka.

Mwili huweza kuzoea hali hiyo, ila hutaka muda, na kuwa na miguu yenye nguvu hakupunguzi muda huo. Kwa ratiba ya siku tano, mtu huanza kutembea langoni siku ya kwanza, na alfajiri ya siku ya nne anatarajiwa awe kileleni, akiwa amepanda takribani mita 4,000. Ratiba ya siku sita huongeza usiku wa pili Horombo: mchana mnapanda taratibu hadi yapata mita 4,000, kwenye miamba yenye milia iitwayo Zebra Rocks, kisha mnarudi kulala chini. Kupanda juu na kulala chini ndiko kunakoufundisha mwili.

Mwezi Juni tulipanda Rungwe kwa mazoezi, tukiongozwa na kijana wa kijiji cha jirani anayeijua vyema njia ya kupita kwenye mianzi. Msitu ule ni hazina. Ndimo anamoishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 ilhali wazee wa kule walikuwa na jina lake siku zote. Mdogo wetu katika kundi, ambaye hukimbia kila asubuhi, alitutangulia wote, lakini alipofika juu alikaa akishika kichwa. Sisemi kwamba ni mwinuko, kwani huenda lilikuwa jua na kiu, lakini mweka hazina alimtazama kwa muda mrefu, na Jumatatu yake akampigia simu yeye mwenyewe mwongozaji wa Moshi.

Mwongozaji huyo, ambaye ana leseni kama hifadhi inavyotaka, alimjibu kwa adabu: "Kaka, kichwa kikiuma tunasubiri. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au akikosa pumzi hali ameketi, hatusubiri. Tunamshusha usiku huohuo." Tulimuuliza pia kuhusu wapagazi, maana sikuwa tayari kwenda na kampuni inayowabebesha zaidi ya kilo 20 zilizowekwa kuwa kikomo, na akakubali mizigo ipimwe mbele yetu. Kuhusu dawa ya kuzuia maradhi ya mwinuko, alitutaka tumwone daktari kwanza, jambo ambalo wawili wetu wenye shinikizo la damu wameshalifanya.

Basi tumekubaliana siku sita, na kila mmoja ataongeza mchango wa mwezi mmoja. Safari ya basi kupitia Iringa, Dodoma na Babati tumeitengea siku mbili, pamoja na usiku mmoja wa kupumzika Moshi, kwa kuwa kuanza mlima ukiwa umechoka na barabara ni kuipoteza siku tuliyoinunua. Mifuko ya kulalia tutakodi hukohuko. Makoti mazito na glovu nitavitafuta Jumamosi kwenye mitumba ya Mwanjelwa, kabla wanunuzi wa msimu wa baridi hawajavimaliza vyote.