Jinsi Nilivyopima Mbinu za Mkwawa Katika Vita Alivyoshindwa

Kila ninapofundisha upinzani dhidi ya ukoloni wa Kijerumani, mwanafunzi mmoja huuliza swali ninaloliheshimu kuliko mengi ya mtihani: ikiwa mbinu za Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, zilikuwa bora, mbona Wahehe walishindwa? Majibu yaliyozoeleka hayakuniridhisha. Wapo wanaosifu kila alichofanya kwa kuwa alikuwa shujaa, na wapo wanaoona kila alichofanya kilikuwa bure kwa kuwa mwaka 1898 alijiua ili asikamatwe. Wote wanaanzia mwisho wa vita na kurudi nyuma, ilhali aliyekuwa uwanjani hakuujua mwisho huo.

Nikaamua kuyachukua mapigano moja moja na kuyauliza maswali yaleyale. Kiongozi alitaka kupata nini siku hiyo? Alimjua adui yake kwa kiasi gani? Alilipa gharama gani? Na baada ya hapo, adui alilazimika kubadili nini? Swali la mwisho ndilo lililonifungulia mlango.

Nilianzia Lugalo, kando ya barabara kuu itokayo Iringa kuelekea Morogoro, ambako Wajerumani waliwajengea wafu wao mnara. Tarehe 17 Agosti 1891, msafara wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, ulipita hapo ukiwa safu ndefu na nyembamba, silaha nzito zikiwa zimefungwa juu ya punda. Wapiganaji wa Kihehe, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao, walikuwa wamejificha vichakani na nyuma ya mawe karibu kabisa na njia. Nilisimama pale nikipima kwa macho umbali ambao mtu mwenye mkuki anaweza kuuvuka kabla bunduki haijajazwa mara ya pili, na hapo nikaelewa kwamba ushujaa peke yake hauelezi kilichotokea. Bunduki humshinda mkuki kwa umbali, na Wahehe waliufuta umbali huo kabla vita havijaanza. Askari wengi walipata nafasi ya kufyatua risasi moja au mbili tu. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine 9 na askari zaidi ya 200, na bunduki nyingi zikachukuliwa. Wahehe nao walipoteza watu wengi ambao hawakuwa rahisi kuwapata tena, jambo ambalo wanaosimulia ushindi huu mara nyingi huliruka.

Kalenga, makao makuu ya Mkwawa, ilinichukua muda mrefu zaidi. Ngome ya Lipuli ilizungushiwa ukuta wa mawe, na ni rahisi kusema leo kwamba kujifungia ndani mbele ya mizinga lilikuwa kosa. Hata hivyo, kwa kabila lililotoka kupigana na Wangoni kati ya mwaka 1878 na 1882, ukuta ule ulikuwa jibu sahihi kwa maadui waliokuwa wakijulikana. Hukumu yangu ni kwamba ukuta haukuwa wa kijinga, bali ulijengwa kwa vita vingine, na uliwapa Wajerumani kile walichokosa Lugalo: shabaha isiyohama. Gavana von Schele aliiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Siku chache baadaye, msafara wake ulipokuwa ukirudi pwani, Wahehe waliushambulia njiani wakarudishwa nyuma, kwa sababu safari hii adui alitembea akiwa tayari. Mbinu ya kushambulia msafara ilikuwa ileile, ila adui alikuwa amejifunza.

Kisha ikaja miaka ya mapigano ya msituni. Hapa orodha ya mambo ambayo Wajerumani walilazimishwa kuyafanya ni ndefu kuliko kwingine kote: ofisa wao Tom von Prince akajenga boma Iringa mwaka 1896, akamsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kisha akamnyonga mwaka 1897 akimshuku kumsaidia kaka yake, na kichwa cha Mkwawa kikawekewa zawadi ya rupia 5,000. Dola haimfanyii hivyo mtu ambaye mbinu zake hazina athari. Lakini Wajerumani waliacha kuwasaka wapiganaji peke yao, wakageukia wanaowalisha: chakula kikatwaliwa, vijiji vikachomwa, na watu wakalazimishwa kuchagua kati ya Mtwa wao na watoto wao. Dhidi ya hilo, kuvizia njiani hakukuwa na jibu. Kwa hiyo ninapomjibu mwanafunzi sasa, husema kwamba mbinu za msituni zilifaulu kumweka Mkwawa huru kwa karibu miaka minne, na kwamba hazikuweza kulinda shamba hata moja la mtu aliyempa hifadhi.