Turbo Pascal kwenye laptopu ya GB 2

Mpwa wangu anataka kujifunza kuandika programu, na laptopu aliyoachiwa na kaka yake ina ramu ya GB 2. Fundi mmoja wa mtaani akamwambia asijisumbue mpaka anunue mpya. Wengine wakamtajia programu za kupakua gigabaiti kwa gigabaiti. Bando lingekata kabla hajaandika mstari mmoja. Niliudhika, maana mimi nimejifunza kwa Turbo Pascal, programu ya zamani ya kuandikia lugha ya Pascal, kwenye mashine ya ramu ya MB 1.

Ilipotoka mwaka 1983 iliuzwa dola 49.95, wakati kompaila nyingine za Pascal (programu zinazogeuza msimbo ulioandika kuwa programu inayoendeshwa) zilikuwa za mamia ya dola. Mwandishi wake, Anders Hejlsberg, alibana kihariri (pa kuandikia msimbo) na kompaila ndani ya faili moja. Toleo la 3 halifiki hata KB 40! Inasoma msimbo mara moja tu, juu hadi chini, na kazi yote inafanyika kwenye ramu. Ukisahau nukta mkato, inasimama na kukupeleka palepale penye kosa.

Basi nikapakua toleo la 5.5, ambalo Borland, kampuni iliyoliuza, wenyewe waliliachia bure, nikaliweka kwenye DOSBox, programu inayoiga kompyuta za zamani za DOS. Gharama yote, bei ya soda. Mpwa wangu akaandika programu ya kujumlisha mauzo ya genge la mama yake. Nikamwambia abonyeze Ctrl+F9 iende. Dirisha zima likapotea.

"Mjomba, imezima?"

Tukafungua, tukaandika upya, Ctrl+F9, likapotea tena. Fundi naye alipopigiwa simu akasema si aliwaambia, mashine imechoka. Nikakataa. Mashine iliyochoka haifi kwa kitufe kilekile kila mara. Nikapitia menyu: Alt+R, kisha Enter. Jumla ikatokea kabla hajaondoa kidole! Nikajua hapohapo: DOSBox nayo hutumia Ctrl+F9, kwa kujifunga, kwa hiyo amri haifiki Turbo Pascal kabisa. Dawa ni Ctrl+F1: inakuja picha ya kibodi, unabofya ShutDown, halafu Del, halafu Save. Tangu hapo haijajifunga tena. Ila azoee kubonyeza F2 kuhifadhi kabla ya kuendesha chochote, hilo nimemsisitizia sana.

Sasa yuko kwenye masomo ya rekodi na mafaili. Akiyamaliza namhamishia Free Pascal, kompaila nyingine ya Pascal, ambayo nayo ni bure, vitufe ni vilevile, na kwenye laptopu hiyohiyo haihitaji DOSBox.