Imekodishwa Tu, Haikuuzwa

Asubuhi moja mwezi uliopita nilikuta bustani ndogo ya mtaa wetu hapa Nairobi imezungushiwa mabati. Mlinzi aliyekuwa langoni, kijana mpole asiye na kosa lolote katika jambo hili, aliniambia kwamba ndani kutajengwa mgahawa na maegesho ya magari. Nilipokwenda kuuliza katika ofisi inayohusika, afisa aliyenipokea alinijibu kwa heshima zote, "Mzee, usihangaike. Haikuuzwa, imekodishwa tu. Ardhi bado ni ya umma." Nilirudi nyumbani nikilitafakari lile neno "tu", kwa sababu watu wa umri wangu katika jiji hili wamewahi kusikia utetezi wa namna hiyo juu ya bustani iliyo kubwa mara nyingi kuliko yetu.

Uhuru Park ilifunguliwa rasmi na Mzee Jomo Kenyatta mwezi wa Mei 1969, na kwa sisi tuliokulia katika nyumba za chumba kimoja, ndiyo iliyokuwa sebule yetu ya Jumapili na ya Krismasi, yenye mashua ziwani, wapiga picha waliokuja kukuonyesha sampuli zao kabla hujaketi, na nyasi ambazo hakuna aliyekutoza senti kuzilalia. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alipata habari kwamba katika bustani hiyo kungejengwa jumba la ghorofa 60, ambalo lingelifanya jengo la KICC, lile jumba refu la mikutano la hapa Nairobi, lionekane kama kibanda. Ndani yake kungekuwa na makao makuu ya chama tawala cha KANU, ofisi za gazeti la chama la Kenya Times, ambalo mshirika wake alikuwa Robert Maxwell, mwenye magazeti kutoka Uingereza, pamoja na maduka, kumbi na maegesho ya magari yapatayo 2,000. Gharama ilikadiriwa kufikia dola milioni 200, na sehemu kubwa yake ilikuwa ikopwe ng'ambo kwa dhamana ya serikali, maana yake ni kwamba aliyepokonywa nyasi zake ndiye angelilipa deni.

Maathai aliandika barua kwa kila aliyedhani anahusika, kuanzia ofisi ya rais hadi mashirika ya Umoja wa Mataifa na balozi wa Uingereza, akiuliza kama Waingereza wangekubali jumba la namna hiyo lijengwe katika bustani yao ya Hyde Park, London. Bungeni alitukanwa, hata yeye na wenzake wakaitwa kundi la wanawake walioachika. Mwezi wa Novemba ujenzi ulizinduliwa, naye akaenda Mahakama Kuu kuomba zuio.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa hukumu iliyotolewa mwezi wa Desemba mwaka ule inaeleza tatizo lote la bustani za umma kuliko hotuba yoyote. Mahakama haikusema kwamba jumba lile lilikuwa halali wala kwamba lilikuwa haramu. Ilisema kwamba mama huyu hana haki ya kushtaki, kwa sababu hakuonyesha kuwa yeye binafsi amedhurika au atadhurika, na kwamba wa kusimamia maslahi ya umma ni Mwanasheria Mkuu, ambaye, kama kila mtu alivyojua, alikuwa mtumishi wa serikali ileile iliyotoa baraka zake. Kwa maneno mengine, kwa kuwa bustani ilikuwa ya watu wote, hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye mahakama ingeweza kumkubali kuwa ndiye mwenye kuumia. Jirani angemega hatua mbili za shamba lako, ungesikilizwa siku hiyohiyo. Jiji zima likinyang'anywa mahali pa kupumzikia, mlango umefungwa.

Hata hivyo jumba halikujengwa. Kelele za Maathai zilifika masikioni mwa wenye fedha nchi za nje, nao wakasita kuikopesha nchi maskini ijenge mnara wa chama. Mpango ukapunguzwa mwanzoni mwa 1990, kisha ukafa kimyakimya, na uzio ukaondolewa mwaka 1992. Mtu anaweza kushangilia, na mimi nilishangilia, lakini ni vyema kukumbuka kwamba bustani yetu iliokolewa na wenye fedha wa nje, wala si na sheria yetu.

Nirudi kwenye neno la afisa wangu. Ni kweli kwamba anayekodi hapewi ardhi moja kwa moja. Anachopewa ni haki ya kuishika peke yake kwa muda wa mkataba, na ndani ya haki hiyo imo haki ya kumzuia mtu mwingine asiingie. Kwa kiwanja cha kawaida hilo si neno, kwa kuwa kiwanja hutumika vizuri kikiwa na mwenyewe mmoja. Bustani, kinyume chake, haina matumizi mengine isipokuwa yeyote kuingia bila kuulizwa anakwenda wapi. Ukiitoa haki hiyo umeshaitoa bustani, hata kama hati imebaki kabatini kwa jina la umma. Zaidi ya hayo, mkataba wa muda mrefu huweza kuwekwa rehani benki na hata kuhamishiwa mtu mwingine kwa idhini, na miaka yake hupita ile ya diwani na afisa waliotia saini, hivyo kwamba siku ya kudai ardhi irudi, hakuna aliyebaki ofisini anayekumbuka iliondokaje.

Sisemi kwamba biashara isionekane bustanini. Nimewahi kula Forodhani, Zanzibar, nyakati za jioni, na bila wale wachuuzi wa mishikaki, urojo na maji ya miwa, bustani ile, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa, ingekuwa nusu ya ilivyo. Lakini mchuuzi wa Forodhani hufika na meza yake magharibi na kuondoka nayo usiku, na asubuhi mtoto hukimbia palepale palipokuwa na jiko. Kibali chake kinaweza kusitishwa bila kulipana fidia ya jengo. Laiti mtaa wetu ungeletewa wachuuzi wa namna hiyo, nisingeandika haya, na huenda ningekuwa mteja.

Wala Uhuru Park si ya pekee. Jeevanjee Gardens, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906, ilitolewa macho mwaka 1991 kwa ajili ya maegesho ya chini ya ardhi na maduka, na ni mjukuu wake, Zarina Patel, aliyesimama kidete pamoja na wenzake hadi mpango ukaachwa. Mchana wa leo wahubiri wanaendelea kuhubiri pale, na wenye njaa wanaendelea kulala kwenye nyasi wakisubiri saa ya kurudi kazini.

Kilichobadilika tangu 1989 ni mlango wa mahakama. Katiba iliyotangazwa mwaka 2010, na ilitangazwa palepale Uhuru Park, inamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa niaba ya umma, na ibara ya 70 inasema wazi kwamba katika mambo ya mazingira mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyepata hasara. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi iliyoombwa siku 21 kujibu.

Kwa hiyo sisi wakazi tisa tumeandika barua moja fupi. Tumeomba nakala ya mkataba, jina la aliyekodi, idadi ya miaka, kiasi cha kodi ya pango, na tarehe ambayo wananchi walishirikishwa. Barua imepigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Leo ni siku ya 14, mabati bado yapo, na watoto wanacheza mpira barabarani.