Chewa aliyemeza mwezi na yule niliyemla mimi

Nimerudi Dar juzi usiku, begi bado sijafungua, na kwenye mfuko wa suruali nilikuwa na vijiwe viwili vyeupe nimevifunga kwenye tishu. Waifu kavikuta wakati anataka kufua, kaniuliza hivi vidude vya nini, nikamwambia ni masikio ya chewa, akaniangalia ile ya "haya baba" akaendelea na mashine yake. Basi ngoja niandike kabla sijasahau.

Nilienda Mafia kumwona mama, siku nne tu. Boti ya Nyamisati, bahari imechafuka, nikatapika mbele za watu, hilo tusiliongelee. Asubuhi ya pili mjomba akaingia na ngalawa yake, yeye mpaka leo ni mtu wa mshipi, habari za nyavu hataki hata kuzisikia, kaja na changu kama saba, tasi kidogo, na chewa mmoja. Huyo chewa wa kahawia, ana mabaka mabaka kama gwanda la jeshi lililofuliwa mara mia, domo wazi, na ndani ya domo kumejaa kitu kama puto la pinki. Mimi mtoto wa Kariakoo siku hizi nikadhani ni ulimi. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini.

Kumbe ni tumbo lake. Yaani yule kavutwa kutoka pima 20 chini, na ndani yake ana kibofu cha hewa ambacho huko chini kimebanwa na uzito wa maji, sasa ukimpandisha chapchap ile hewa inatanuka, inasukuma kila kitu, tumbo linatokea mdomoni na macho yanatoka kama ya mtu aliyeona mzimu. Mjomba anasema hata umwonee huruma umrudishe haendi popote, anaelea tu juu kichwa chini, mwewe anakuja kujisevia.

Nikaingiza kidole mdomoni (tayari alishakufa, msinihukumu). Meno yake siyo ya kutisha, madogo madogo mengi kama msasa, na yote yamelalia kwa ndani, ukiingiza kidole kinapita vizuri, ukikitoa ndo anakushika. Chewa hatafuni bwana. Anakaa kwenye pango lake ametulia, rangi kaifananisha na mwamba, samaki akipita karibu anafungua lile domo ghafla na maji yanaingia na samaki wake ndani, kwisha habari. Mwenye pango ni yeye, ukimtoa leo, mjomba anasema baada ya muda utamkuta mwingine pale pale kahamia.

Nikamwambia pia ile niliyowahi kuisoma, kwamba Bahari ya Shamu kule Misri kuna watafiti mwaka 2006 walitoa ripoti ya chewa wa jamii nyingine kidogo ambaye akitaka kuwinda anaenda kwenye tundu la mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anamtikisia kichwa, mkunga anatoka, wanaongozana, mkunga anaingia kwenye nyufa kufukuza na chewa anasubiri nje, anayebahatika anakula. Nikadhani nitamshangaza. Akasema, "Chewa na mkunga ni mtu na shemeji yake, mjomba, hilo nalo mpaka mwende Misri?"

Haya. Mama akapika kichwa mchuzi wa nazi, na kichwa cha chewa wanaojua wanajua, ile nyama ya mashavuni na ile ya nyuma ya kichwa ni kitu kingine kabisa. Katika kufukunyua mifupa ndo nikakutana na hivyo vijiwe. Kila samaki wa aina hii anavyo ndani ya fuvu, vinamsaidia kusikia na kujiweka sawa kwenye maji, na vinakua naye kwa tabaka, kama mti unavyoweka pete. Wataalamu wanavikata vipande vyembamba, wanaweka kwenye hadubini, wanahesabu umri. Mimi nilivimulika na tochi ya simu nikaona cheupe tu.

Ila usiku nikapanda kule kwenye kichuguu ambako mtandao unashika na nikaanza kusoma, na hapo ndo utamu wa mchuzi ukaniishia. Huyu wa mabaka, jina lake la kitaalamu Epinephelus fuscoguttatus, walimpima sana kule Great Barrier Reef Australia, utafiti umetoka 2006, wakakuta jike anaanza kuzaa akiwa na miaka kama 9, urefu sentimita 57 hivi, na anaweza kuishi kupita miaka 40. Arobaini! Yaani kuna samaki mwambani ana umri kunizidi. Halafu kingine, hawa wanaanza maisha wakiwa majike, baadaye sana wakishakuwa wakubwa ndo baadhi yao wanageuka kuwa madume. Hakuna operesheni wala nini, mwili wenyewe unabadilika. Sasa piga hesabu mwenyewe: ukiwamaliza wakubwa umemaliza madume, ukiwamaliza wadogo umemaliza mabinti ambao hata harusi hawajafika.

Asubuhi nikachukua rula ya shule ya binamu yangu mdogo nikaenda kupima mfupa wa chewa wetu, mama anauliza kulikoni, kichwa nilishakila kwa hiyo nikakadiria kwa kuuliza mjomba alimkamata akiwa vipi, akaonyesha kwa mkono kutoka ncha za vidole mpaka karibu na kiwiko. Arobaini na kitu. Nilikula binti.

Nikamwambia mjomba. Hakukasirika, ila hakupenda pia. Akasema yeye ndoana yake haimuulizi mtu umri, na kwamba mchuuzi akija anataka saizi ya sahani, hao ndo wa hotelini, ukimletea mkubwa wa kilo 15 anaanza kukushusha bei eti atamkatakata. Akaongeza kwamba yeye angalau ni wa mshipi, waliotumaliza ni wale wanaovua kwa baruti, na hapo kiukweli siwezi kubishana naye, baruti imesumbua pwani yetu miaka na miaka wakati sheria inakataza, mwamba ukipigwa unakuwa kokoto na chewa bila pango ni mpangaji aliyetolewa vyombo nje. Hifadhi ya bahari pale Mafia ipo tangu 1995 na wazee wana maneno yao juu yake, mazuri na mabaya, hiyo ni posti ya siku nyingine.

Wakubwa wenyewe wanazidi kuwa hadithi. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anatutishia na chewa wa mlangoni, kule bahari inapoingilia, kwamba anameza mtoto na kaptula yake. Ya kumeza watoto ni ya bibi, lakini yupo chewa mkubwa kweli, ndugu wa huyu, Epinephelus lanceolatus, anafika mita 2.7 na kilo 400, anameza kamba koche mzima mzima, papa wadogo, hata kasa wadogo, na anapenda mapango na meli zilizozama na midomo ya mito. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu hadi Afrika Kusini na upande wa pili mpaka Hawaii. Akiwa mdogo ni wa njano na mabaka meusi, mzuri kama pipi, huwezi kuamini atakuja kuwa lile gogo.

Na bibi huyo huyo, mwezi ukipatwa, alikuwa anatutoa nje tugonge masufuria tumpigie kelele chewa autapike mwezi. Nilikuwa nagonga kwa bidii sana, na kila mara ulirudi, sasa utasemaje hakumeza.

Hili ndo limenikaa kichwani kwenye boti nzima ya kurudi. Kwa sababu kule kule kwenye kichuguu nilisoma kwamba huyu wa mabaka, ambaye mwaka mzima anaishi peke yake na hataki jirani, kuzaa kwao ni kwa mkutano. Seychelles na pwani ya Kenya watafiti wameshuhudia, msimu wa kaskazi, siku za kuelekea mwezi mpya, wanatoka kwenye mapango yao wanakusanyika sehemu moja, ile ile kila mwaka, wanazaa, wanatawanyika. Giza. Mwezi hauonekani na chewa wote wako pamoja. Bibi hakwenda shule hata siku moja.

Siku ya kuondoka mjomba alikuwa anafunga ndoana kibarazani, nikamuuliza kama utani, mjomba, kwenye giza la kaskazi chewa wa huku wanakutana wapi? Mkono ukasimama.

"Nani kakwambia hayo?"

"Nimesoma kwenye simu."

"Simu imesema wapi?"

"Seychelles. Na Kenya."

Akarudi kwenye uzi wake, kimya, nikajua imeishia hapo. Lakini aliponisindikiza bandarini, kanibebea begi na kila kitu, tukiwa wawili tu njiani, akanitajia jina la mlango mmoja, kwa sauti ndogo kama anataja deni, na akaniambia babu alimpeleka pale mara moja tu akiwa kijana, wakavua usiku mmoja wakajaza ngalawa, kesho yake babu akakataa kurudi na akakataa kueleza kwa nini. Mjomba naye hajarudi. Nikatoa simu ninukuu jina nisilisahau, akaushika mkono wangu na simu yangu humo humo.

"Ukiandika huko kwenu, mjomba, andika Kenya."