Kipimo cha kushindiliwa

Saa tano usiku hii, mvua haijakatika tangu alasiri, na mimi bado namsikia yule mama wa viazi. Kikao cha mahari ya Neema kimepita salama, shule tumefunga, Baba Anna karudi Tunduma mzima. Hayo ndiyo niliyowaahidi kuwasimulia. Lakini kila nikianza, anakuja yeye.

Ilikuwa Alhamisi, sokoni Uyole. Mnajua akina mama wa kanisani kwetu huwa tunapeleka chakula kwa wagonjwa kabla ya Pasaka, na mwaka huu mfuko nimekabidhiwa mimi. Nikamkuta mama mmoja wa umri wa mama yangu, kanga mbili mabegani, tope limemkaukia hadi juu ya vifundo vya miguu. Magunia mawili, kayashona vizuri, midomo imelala sawa. Nikamwambia haya hayajajaa. Akafumua, akaongeza. Nikamwambia bado, mbona wenzake wanaweka kilemba, viazi vya kuzidi juu ya mdomo wa gunia? Akasita. Ndipo nikamtolea andiko, tena huku nacheka: "Mama, hivi ni vya wagonjwa, vya Bwana hivi. Kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika!"

Yeye hakucheka. Akainama kwenye kirundo kidogo alichokuwa amekitenga pembeni, akavipanga viazi kimoja kimoja juu ya gunia kama fundi anayepanda na tofali, akavuta kamba hadi vidole vikabadilika rangi. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, na hii sadaka, mnatoa ninyi au natoa mimi?"

"Tunatoa wote, mama."

"Haya."

Akahesabu hela yake. Basi. Hakununa, hakunisema. Nimelijibu upya swali lile nikiwa kwenye daladala, nikiwa nasonga ugali, hadi katikati ya maombi ya jioni, na kila jibu linaishia kwenye lile "haya" lake.

Maana mimi si mgeni wa lumbesa, hayo magunia yenye kilemba. Nimezaliwa Matamba, kwa wakulima wa viazi. Lori lilikuwa likipanda zile kona 57 kutoka Chimala, na tajiri akishuka alikuwa anakuja na magunia yake mwenyewe na watu wake wa kushindilia. Baba alisimama pembeni, mikono nyuma, akitazama gunia likivishwa kilemba, kisha kilemba kikiongezwa kingine. Angesema nini? Viazi vimeshachimbwa, mvua inanyesha, kiazi kilicholowa hakikai, na lori halilali kijijini. Sheria ya Vipimo ipo, inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini sheria haikuwa shambani kwetu siku ile, na mizani pia haikuwepo. Kilichozidi juu ya mdomo wa gunia kilikuwa viatu vyetu vya shule. Na sahani ya chipsi tunayoinunua mjini na kuiona rahisi, urahisi wake umetoka humohumo, kwenye kilemba.

Mtoto wa mzee yule ndiye mimi niliyesema "ongeza".

Kwaresma yote sikugusa nyama. Nilijiona nimefunga kweli. Jumapili tulipotangazwa kwamba akina mama tumetoa magunia mawili ya viazi, watu wakapiga makofi, na mimi nikasimama na wenzangu nikiangalia chini. Usiku nikafungua Isaya 58, pale Mungu anaposema saumu anayoitaka ni "kuzilegeza kamba za nira". Nikaviona vidole vya yule mama. Nikarudi Luka 6:38, andiko langu la sokoni, nikalisoma kuanzia mwanzo wake, ambao Alhamisi niliuruka: "Wapeni watu vitu."

Leo asubuhi nikarudi Uyole. Jirani yake akaniambia huja siku za magari ya kutoka kwao tu, ningojee. Nimengoja karibu saa mbili. Aliponiona alinitambua mara moja. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, lile swali lako nililijibu vibaya. Vile vya juu ulitoa wewe. Nimekuja kulipa." Nikampa fedha ya debe zima, kutoka kwenye pochi yangu, si ya mfuko.

Nilidhani atakataa, nikawa nimeshapanga maneno ya kumbembeleza. Wala. Alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga, akakaa kidogo. Kisha akachagua viazi vitano vikubwa, akavitia kwenye kikapu changu.

"Vya watoto," akasema. "Hivi sasa natoa mimi."

Jamani, nimetembea kutoka pale hadi kituoni kama mtu aliyeponywa! Jioni nimevichemsha na maganda yake, chumvi tu na kipande cha parachichi. Anna kala viwili, akaniuliza kwa nini leo tumeomba sana kabla ya kula viazi. Nikamsimulia yote, hadi sehemu yangu mbaya. Na jumamosi ijayo kwenye kikao cha akina mama nitasema tununue kwa mizani, hata kama hela yetu itatosha gunia moja na nusu.

Ila jicho la kushoto la mama yangu mzazi linanitia hofu. Ameahirisha kliniki mara ya pili sasa, na leo kwenye simu kaniuliza saa ngapi, wakati saa ya ukutani iko mbele yake.