Artemisia: uzito wa gunia ulinidanganya

Msimu wangu wa kwanza wa artemisia, mmea unaotoa dawa ya malaria, hapa kwenye miteremko ya Meru, nilijaza magunia pomoni na mzigo wote ukakataliwa. Sampuli ilipimwa, artemisinini, yaani ile dawa yenyewe, ikawa asilimia 0.4 tu ya uzito wa jani kavu. Mnunuzi alitaka walau 0.8. Iliniuma sana, maana nusu ekari ile ilikuwa imebeba ada ya mwanangu.

Kosa lilianzia kwenye mbegu. Niliomba kwa jirani aliyekuwa amepanda chotara, na mbegu ya chotara ukiirudia, mimea haifanani: huu una dawa, ule ni majani matupu. Kisha nikasubiri shamba lichanue, kama nilivyozoea kusubiri kahawa iive. Artemisia hutoa maua mchana unapokuwa mfupi, na kwetu karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, muda ambao kwake ni mfupi, hivyo huchanua mapema. Ikishachanua, dawa kwenye majani inashuka.

Bwana shamba alinipa lenzi. Juu ya jani nikaona vijipovu vinavyong'aa, kama umande uliokataa kukauka. Humo ndimo artemisinini inamokaa. Kwenye shina karibu hamna kitu. Na mimi nilikuwa nimepiga majani pamoja na vijiti ili gunia liwe zito.

Safari ya pili nilinunua mbegu mpya. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000, kwa hiyo nilizichanganya na majivu yaliyochekechwa, nikazimwaga juu ya udongo bila kuzifukia, kwani zinahitaji mwanga ili ziote. Nilikata mimea wakati vitumba vilipokuwa kama kichwa cha pini, nikaanika kwenye kichanja kivulini, nikapukutisha na kuchekecha mpaka yakabaki majani tu. Magunia yalipungua, kipimo kikasoma 0.9.

Mama mkwe, akiwa na homa, aliniomba majani achemshe. "Hapana mama, twende zahanati tukapime kwanza," nilimwambia. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji; hata mwanasayansi Tu Youyou na wenzake kule China, mwaka 1972, waliipata kwa kutumia etha, kimiminika cha kuyeyushia, kwenye joto dogo badala ya kuchemsha. Na dozi pungufu huvipa vimelea usugu.

Alikutwa na malaria, akapewa dawa mseto. Nilimsomea maandishi ya kwenye boksi: artemetha na lumefantrini. Hiyo artemetha, nikamwambia, inatengenezwa kutokana na artemisinini ya majani kama haya yetu. Akaishika ile pakiti muda mrefu kabla hajameza.