Bakuli la bibi na herufi sita zilizonitoa jasho

Bibi alipofariki nilirithi bakuli moja la kauri, jeupe lenye maua ya buluu, lililokaa zidakani nyumbani Lamu tangu sijazaliwa. Dalali mmoja alilipindua, akatazama kitako, akashusha sauti: "Mwanangu, hili Ming hili. Miaka mia tano." Yaani la zama za Ming, ukoo wa kale wa wafalme wa China. Kisha akataka kulinunua kwa bei ya mbuzi, tena mbuzi mwenyewe mkondefu. Hapo nikashtuka.

Kitakoni mna herufi sita za Kichina ndani ya duara mbili. Kupiga picha, taa ya simu ikamulika likatoka doa jeupe tu, maana maandishi yako chini ya ule mng'aro. Basi nikayanakili kwa penseli, jioni nzima, ulimi nje. Nikaipeleka karatasi Mombasa kwa muuza duka Mchina. Akaigeuza, akaigeuza tena, akaniuliza kwa upole kama imechorwa na mtoto wangu. Kumbe nilinakili juu chini, na mistari nimeiunganisha nilivyopenda!

Dawa ya picha ni leso. Nilijifunika gubigubi mimi na bakuli, nikaacha upenyo mdogo upande wa dirishani, taa nimezima. Mama akapita akauliza najifukiza nini. Lakini picha ilitoka safi.

Kujua juu ni wapi, tafuta herufi iliyo kama mtu aliyepanua mikono na miguu, 大, yaani "kuu". Zungusha chombo mpaka asimame juu kulia. Soma kushuka, kisha hamia safu ya kushoto. Chini yake kuna jina la ukoo wa kifalme: jua na mwezi ubavu kwa ubavu, 明, ni Ming, yenye matone matatu kushoto, 清, ni Qing, ukoo uliofuata. Mbili zinazofuata ni jina la enzi ya mfalme, na mbili za mwisho zasema tu kimetengenezwa enzi hiyo. Langu likasomeka Da Ming Chenghua nian zhi. Chenghua ni 1465 hadi 1487! Siku tatu nilitembea kifua mbele, hata salamu nikiitikia kwa kuchagua.

Siku ya nne nikampelekea mjuzi wa vyombo. Herufi hakuzitazama kwanza. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kitako, akalipima uzito mkononi, akacheka. Mafundi wa Jingdezhen, mji wa kauri wa China, waliandika jina la Chenghua hata enzi ya mfalme Kangxi wa Qing, 1662 hadi 1722, kwa kuwaheshimu waliotangulia, na baadaye wengine kwa biashara tu. Langu akasema ni la karne ya 19. Na mimi nilikuwa nimeshaambia ukoo mzima.

Jirani yangu naye ana sahani "ya Ming" iliyopigwa muhuri CHINA kwa herufi za Kizungu. Alama hizo zilienea baada ya Marekani, mwaka 1891, kuanza kudai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. Sijamwambia. Hutuandalia halua humo, na halua yake haina mfano.